Nimerithi Winchester 52B, nimepata skopu ya zamani ya Lyman, ila umbali kati ya bloku haufiki inchi 7.2. Nitoboe upya?

Shabaha_Pole:
Wakuu habari zenu, naomba ushauri kabla sijafanya kitu cha kujutia. Mjomba wangu marehemu aliacha Winchester 52, namba yake pale kwenye risiva (mwili wa bunduki unaoshika bolti) inaishia na herufi B kwahiyo ni 52B, kaliba .22 Long Rifle, mtutu ule mzito wa shabaha. Shangazi kanikabidhi mimi kwa sababu ndo pekee ninayelenga shabaha kwenye ukoo, vibali vyote viko sawa. Mimi ninavyomkumbuka mjomba alikuwa anaipiga kwa saiti za chuma tu, ile ya nyuma ya kitundu, na macho yake yalikuwa mazuri mpaka uzeeni. Macho yangu ndo hivyo tena, saiti ya mbele naiona kama moshi.

Nilikuwa na skopu (darubini ya kulengea) ya kisasa ya tyubu ya milimita 30 nikaishikilia tu juu ya bunduki nione itakaaje, aisee ni kama mtu kapiga suti kali halafu chini kandambili. Nikaacha. Nimetafuta kwa muda nikapata Lyman Super Targetspot ya 15x (inakuza mara 15) pamoja na vishikio vyake vyote viwili, iko kwenye kisanduku chake cha mbao, lenzi zinaonekana safi.

Sasa maswali. La kwanza, kwenye mtutu tayari kuna bloku mbili za chuma (zile ambazo vishikio vya skopu hukaa juu yake) zimefungwa kwa skrubu, ila kila mahali nasoma kwamba umbali kati ya bloku uwe inchi 7.2 na mimi nikiweka rula napata inchi 6 tu. Je nihamishe ya mbele kwa kutoboa matundu mapya? Drili ninayo na mkono wangu hautetemeki. La pili, skopu yenyewe ikikaa kwenye vishikio inateleza mbele na nyuma, naweza kuisukuma kwa kidole, nahisi imechoka au kuna kitu kimepungua. La tatu, hii skopu ni ya enzi moja na bunduki au nimechemka?

FundiMtutu:
Mkuu weka drili chini. Tena iweke chumba kingine kabisa.

Tuanze hapo kwanza maana hilo la kutoboa halina kurudi nyuma. Bunduki kama hiyo matundu yake ni sehemu ya historia yake, kila tundu jipya linaishusha thamani na haliwezi kuzibwa lisionekane, hata uzibe na skrubu za kuficha na kuzipaka rangi, mtu anayejua anapitisha kucha tu anazihisi. Na pia usijidanganye na mkono usiotetemeka, kutoboa mtutu kwa drili ya mkono ni kuomba balaa, tundu linatakiwa liwe katikati kabisa ya mgongo wa mtutu, lisimame wima, na liishie kabla halijafika ndani. Ukikosea kidogo skopu inaangalia pembeni maisha yake yote.

Sasa hiyo 7.2 wengi wanaitaja kama sheria ya dini bila kujua imetoka wapi. Ni hesabu tu. Kwenye vishikio vya aina hiyo kila kliki moja (mlio mmoja wa kifundo cha kurekebisha) inasogeza tyubu nusu ya elfu ya inchi, yaani 0.0005. Yadi 100 ni inchi 3600. Gawa 3600 kwa 7.2 unapata 500, zidisha na 0.0005 unapata 0.25. Ndo robo inchi yako kwa yadi 100, ndo ile robo dakika ya pembe watu wanayoizungumzia. Basi. Hakuna kingine.

Ukiwa na inchi 6, fanya hesabu ileile, 3600 gawa kwa 6 ni 600, mara 0.0005 ni 0.3. Kliki moja ni 0.3 badala ya 0.25. Kliki kumi ni inchi 3 kamili kwa yadi 100, au inchi moja na nusu kwa yadi 50. Hilo nalo ni la kutobolea mtutu wa watu? Andika kwenye karatasi, bandika ndani ya kisanduku, endelea na maisha.

Yadi50:
Naungana na FundiMtutu kuhusu drili, ila kabla hujaandika hiyo 0.3 kwenye karatasi naomba uniambie umepima kutoka wapi hadi wapi. Nina wasiwasi umepima lile pengo la wazi, yaani pale bloku ya nyuma inapoishia mpaka pale ya mbele inapoanzia. Sio hivyo. Angalia ubavuni mwa kila bloku, utaona kuna mkato mdogo wa nusu duara. Pale ndo skrubu ya kidole ya kishikio inapokaa. Pima kutoka katikati ya mkato mmoja hadi katikati ya mwingine. Kama huna venia (kalipa ya kupimia) na bloku zako zina urefu sawa, pima kutoka ukingo wa mbele wa hii hadi ukingo wa mbele wa ile, jibu linakuwa lilelile.

Kuhusu kuteleza: haijachoka hata kidogo, ndo ilivyoumbwa. Hizi skopu za zamani hazina vifundo vya kurekebisha ndani kama za leo, nyuzi za msalaba zimekaa palepale katikati hazisogei, kinachosogea ni tyubu nzima ikisukumwa na zile maikromita mbili kwenye kishikio cha nyuma. Kishikio cha mbele kazi yake ni kuwa kama kiungo cha bega, kinaishika na kuiruhusu izunguke kidogo. Sasa kwa kuwa tyubu haijabanwa, bunduki ikipiga inarudi nyuma na skopu inabaki palepale hewani, kwahiyo ukiangalia unaona kama skopu imekimbilia mbele. Unairudisha kwa mkono ndo unapiga tena. Hata wale askari wa Marine wa Marekani waliokuwa na skopu ya Unertl 8x juu ya bunduki ya M1903A1 wakati wa Vita ya Pili ya Dunia walikuwa na mfumo huohuo wa tyubu inayoteleza, na ile .30-06 yao inasukuma kweli. Kwako wewe kwenye .22 itasogea kidogo sana au isisogee kabisa, lakini jizoeshe kuivuta nyuma kila baada ya risasi ili iwe palepale kila mara.

Kosa ninaloliona kila siku ni mtu kuona inateleza halafu anaanza kukaza kila skrubu anayoiona mpaka tyubu inakatalia. Unaipinda mkuu. Halafu unakuja kulalamika kwamba kliki hazifuati.

KlikiMoja:
Mimi nitajibu la tatu maana naona wazee wamekimbilia hesabu 😂

Inategemea "enzi" kwako maana yake nini. Model 52 ilionekana mara ya kwanza 1919 kwenye mashindano ya taifa ya Marekani kule Caldwell, New Jersey, ikatengenezwa kwa vizazi tofauti mpaka 1980. Hiyo B yako ni ya kuanzia katikati ya miaka ya 1930 mpaka muda mfupi baada ya vita. Super Targetspot ni ya baada ya vita. Kwahiyo kama unataka kile ambacho mtu angefunga siku bunduki inatoka dukani mpya, kwa ukali kabisa, ungetafuta skopu ya Fecker, au Targetspot ya mwanzo isiyo na hilo neno Super, au Unertl za mwanzo (John Unertl alikuwa fundi kwa Fecker kabla hajaanzisha kampuni yake 1934). Winchester wenyewe walikuwa na skopu yao A5 wakaja kuwauzia Lyman ikawa 5A, hiyo ni ya zamani zaidi na ni ya 5x tu, inapendeza kwa macho lakini kwa mtu ambaye saiti ya mbele anaiona moshi sikushauri.

Ukitaka kujua ya kwako ni ya lini kwa jicho tu, isogeze chini ya taa uangalie mwanga unavyorudi kwenye lenzi ya mbele. Ukirudi mweupe kama kwenye glasi ya dirisha, lenzi haina koti (tabaka jembamba la kupunguza mng'ao), mara nyingi hiyo ni ya kabla ya vita. Ukirudi na ubluu au uzambarau, ina koti.

Ila mimi naona watu wanaojibana na mwaka wa kutengenezwa wanakosea. Bunduki ya shabaha haikuwekwa kabatini ikasubiri. Mtu alinunua 52B, akapiga miaka ishirini, skopu akabadilisha mara tatu. Super Targetspot juu ya B ni kitu ambacho ungekikuta kwenye mstari wowote wa kulenga miaka ya 1950. Kwangu mimi hiyo ni enzi moja.

FundiMtutu:
@KlikiMoja hapo sikubaliani sana, kama bunduki ni ya maonyesho mwaka una maana. Lakini jamaa anataka kupiga, basi tuache.

@Shabaha_Pole jambo moja, usizitoe hizo bloku. Kama zimekaa imara ziache.

Shabaha_Pole:
Wakuu nashukuru sana, nimejifunza zaidi kuliko wiki mbili za kusoma peke yangu. Sasa nina habari njema na habari za aibu.

Njema: Yadi50 umenishika pabaya, nilikuwa nimepima pengo. Kabla hamjaniambia nisizitoe niliziangalia vizuri, mikato ya nusu duara ipo, nimepima kwa venia kutoka katikati hadi katikati inasoma 7.19 mpaka 7.20. Kwahiyo muda wote ilikuwa sawa na mimi nilitaka kuitoboa 🤦🏾

Za aibu: FundiMtutu umechelewa kama masaa matatu. Nilizitoa zote mbili ili nisafishe kutu chini yake, nikaziweka kwenye kopo moja, nikazisugua, nikazirudisha. Skrubu moja ilikuwa imeliwa kichwa nikaitupa, nikachukua nyingine ya milimita tatu na nusu maana kipenyo nilikipima kinafanana kabisa. Imeingia mizunguko miwili vizuri halafu ikawa ngumu. Nikazidisha bisibisi kidogo bado ngumu. Nimeacha kwanza niulize.

FundiMtutu:
SIMAMA HAPOHAPO. Itoe taratibu, kwa mkono, bila hasira.

Skrubu za hizi bloku ni 6-48. Kipenyo chake ni 0.138 ya inchi, ukibadilisha ni milimita 3.5 na kidogo mno, ndo maana umeipima ukaona ni ileile. Tatizo sio unene, tatizo ni thredi. Ya 6-48 ina thredi 48 kwa inchi, yaani kila mzunguko inasonga kama milimita 0.53. Hiyo M3.5 ya kawaida inasonga 0.6. Mzunguko wa kwanza hazigombani, wa pili zinaanza kusukumana, wa tatu moja inaila nyingine, na chuma cha skrubu yako mpya kinaweza kuwa kigumu kuliko cha mtutu. Kama ulisimama kwenye mizunguko miwili pengine umepona.

Tafuta 6-48 yenyewe. Na ukiipata angalia urefu, ikiwa ndefu inagonga chini ya tundu kabla kichwa hakijabana bloku, wewe unahisi imekaza kumbe imekaza hewa, bloku iko huru. Njia ya kujua, ifunge bila bloku uhesabu mizunguko mpaka inapogonga chini, halafu ifunge ikiwa na bloku uone kama inabana mapema kuliko hapo. Mashimo yasafishe mafuta kwanza, skrubu ikiwa kavu inakaa vizuri zaidi.

Swali la mwisho na unijibu ukweli, kwenye hilo kopo uliweka alama ipi ya mbele na ipi ya nyuma?

Shabaha_Pole:
...hapana mkuu.

Nuru77:
😂😂 pole ndugu, karibu kwenye chama. Mimi yalinikuta haya na nilikuwa nimemlipa fundi (simtaji jina) anifungie. Bloku zangu zilikuwa na urefu tofauti kwenda juu, ya mbele ndefu zaidi, kwa sababu mtutu unapungua unene kuelekea mbele, ya mbele inabidi iinuliwe ili zote mbili zikae kwenye mstari mmoja. Jamaa alizibadilisha. Nikaenda kupiga, yadi 25, karatasi haikuguswa. Nikazungusha maikromita ya juu mpaka ikagoma, bado. Nilitumia boksi zima la risasi nikiilaumu skopu, nikaiuza skopu. Niliyemuuzia aliifunga kwenye ya kwake siku hiyohiyo ikapiga katikati. Hiyo bado inaniuma mpaka leo.

Yadi50:
Nuru pole sana, hilo la kuuza skopu ndo linauma kuliko risasi.

@Shabaha_Pole usipige risasi hata moja, unaweza kujua ukiwa umekaa. Hakikisha haina risasi, toa bolti nje kabisa, iweke bunduki kwenye mifuko ya mchanga isitikisike, halafu chungulia ndani ya mtutu kutokea nyuma mpaka uone shabaha iko katikati ya kile kiduara cha mwanga. Bila kugusa bunduki inua jicho uangalie kwenye skopu. Maikromita zote ziweke katikati ya safari yake kwanza. Kama bloku ziko sawa, msalaba utakuwa jirani na shabaha. Kama ulizibadilisha, ya nyuma imekuwa ndefu, tyubu inainama mbele kama ng'ombe anayekunywa maji, kwahiyo mtutu unaangalia shabaha na skopu inaangalia majani huko chini. Ukipiga hivyo risasi inakwenda juu.

Na usidharau vitu vidogo. Kwa inchi 7.2 kila elfu moja ya inchi ni nusu inchi kwa yadi 100. Tuseme bloku zako zinapishana elfu 30 tu, unene wa karatasi chache, ukizibadilisha unakosea mara mbili, elfu 60. Hiyo ni inchi 30 juu.

Njia nyingine, shika bunduki kwenye dirisha la mwanga uchungulie chini ya kila bloku. Tumbo la bloku limechongwa lifuate mviringo wa mtutu pale inapokaa. Ukiona mwanga unapita pembeni au katikati, hapo sio kwake.

Shabaha_Pole:
Nimefanya sasa hivi. Skopu inaangalia majani 😅 na chini ya bloku ya mbele kuna mwanga mwembamba kama uzi upande wa kulia. Nimezibadilisha, mwanga haupo, nimechungulia tena na sasa msalaba uko karibu kabisa na shabaha, pembeni kidogo tu. Skrubu ya M3.5 imetoka, thredi za kwanza zina mng'aro lakini skrubu nzima ya 6-48 niliyoitoa kwenye tundu jirani inaingia mpaka mwisho kwa vidole. Nimepona. Nimeagiza moja ya kuziba pengo.

Maswali mawili ya mwisho. Ile skrubu ya kidole ya kishikio inakazwa kiasi gani? Na nikizungusha maikromita ya juu kuna wakati napiga kliki nne hakuna kinachotokea halafu ya tano inaruka zote kwa mpigo.

FundiMtutu:
Vidole tu. Usiweke koleo hapo. Ila kabla hujakaza, sukuma kishikio mbele mpaka kijiti cha skrubu kigonge ukingo wa ule mkato wa nusu duara, halafu ukaze huku unasukuma. Bunduki ikirudi nyuma kishikio kinataka kubaki, yaani kwenda mbele, sasa kama tayari kimegonga mbele hakina pa kwenda. Ukitoa skopu ukairudisha kesho kwa mtindo uleule unakuta sifuri yako (pale risasi inapogonga penye msalaba) palepale au jirani sana.

Kliki zinazolala: sio maikromita, ni springi. Maikromita ya juu inasukuma tyubu chini, ya pembeni inasukuma upande, na kuna kijiti chenye springi upande wa pili chini kinachoirudisha. Ukikaza, chuma kinasukuma chuma, lazima isogee. Ukilegeza, unaitegemea springi ifuate, na springi yako imelala miaka kwenye grisi iliyoganda kama gundi ya mti. Fungua hicho kijiti, angalia springi isikurukie, osha, kausha, weka tone moja la mafuta mepesi tu.

Na hata ikishakuwa safi fanya hivi kila mara: maliza kwa kukaza, kamwe usimalizie kwa kulegeza. Ukitaka kupandisha kliki sita, legeza kumi halafu kaza nne. Mikono ikizoea huwazi tena.

Nuru77:
Niongeze kuhusu lenzi kwa sababu najua utaona kadoa utataka kusugua. Piga brashi laini kwanza uondoe vumbi, halafu ndo kitambaa. Ukiona ukungu unaoanzia pembeni ya lenzi kama majani ya barafu au rangi za upinde wa mvua, hiyo sio uchafu, ni ile gundi ya utomvu waliyotumia kuunganisha vioo viwili inaachia. Hakuna kitambaa kitaitoa, usiipake kemikali, kama haipo katikati iache tu. Na nyuzi za msalaba usiziguse kabisa, ni nyembamba kuliko unavyofikiri, ukizipuliza tu kwa mdomo zinaweza kukatika.

KlikiMoja:
Na paralaksi, yaani msalaba kuonekana unatembea juu ya shabaha ukisogeza jicho. Kwenye hizo hakuna kitufe pembeni, unazungusha ile fremu inayoshika lenzi ya mbele, kuna ringi ya kufungia. Anza na nyuma, lenzi ya jicho, angalia angani au ukuta mweupe mpaka msalaba uwe mweusi na mkali, funga. Halafu shabaha ya umbali unaopiga, zungusha ya mbele mpaka ukichezesha kichwa juu chini msalaba hautembei kwenye shabaha. Picha kali peke yake haitoshi, cheki kutembea. Kwa 15x ukiruka hii utajilaumu wewe kumbe ni jicho lako limekaa pembeni.

Ukimaliza tuletee karatasi.

Shabaha_Pole:
Karatasi hii hapa kwa maneno maana picha imekataa. Yadi 50, kutoka kwenye mifuko. Nilianza yadi 25, risasi ya kwanza ikagusa karatasi chini kushoto, nikasogeza. Kisha 50. Nikajaribu kliki nane juu (kwa kulegeza kumi na mbili na kukaza nne 😄), tundu likapanda karibu inchi moja, ndo robo dakika yenyewe. Kisha kumi za mwisho. Tisa unazifunika na kifuniko cha chupa. Moja iko nje kushoto na hiyo ni mimi, nilivuta triga huku naangalia upepo unavyocheza na nyasi.

Shida iliyobaki ni shavu. Skopu iko juu sana kuliko saiti za chuma, kitako kilichongwa kwa saiti, kwahiyo kichwa kinaelea hewani na shingo imekaza. Sitaki kukata kitako, najua mtanitukana. Na jicho inabidi lisogee karibu mno na lenzi.

Yadi50:
Hukati kitu. Kipande cha ngozi au sponji ngumu, kizungushie kitambaa, funga kwa kamba za viatu juu ya kitako, ongeza tabaka mpaka ukifumba macho ukaweka shavu ukafumbua unaona duara zima la picha bila kivuli. Walifanya hivyo enzi hizo pia. Jicho kusogea karibu ni kawaida ya hizi, ila tyubu yenyewe inateleza si ndiyo, isogeze nyuma kidogo na ringi ya kuzuia uihamishe nayo.

Ila nina swali mimi sasa. Umesema mjomba alipiga saiti za chuma tu. Hizo bloku alifunga nani, na kwa nini?

Shabaha_Pole:
Yadi50 swali lako lilinikosesha usingizi nikampigia shangazi. Nikamwambia shikamoo shangazi, hivi mjomba aliwahi kuwa na darubini kwenye ile bunduki? Akanyamaza kidogo akasema aah, lile bomba refu. Kumbe alikuwa nalo kabla mimi sijazaliwa, kuna rafiki yake macho yalianza kumsumbua akampa, akarudi kwenye saiti. Aina hajui, kampuni hajui, mwaka hajui, kwahiyo KlikiMoja na FundiMtutu mtaendelea kubishana. Nikamuuliza anakumbuka nini kingine. Akasema hakumbuki, ila kila akipiga alikuwa anapeleka mkono juu anavuta kitu nyuma taratibu, kama mtu anayerudisha droo ya kabati.

FundiMtutu:
Basi ilikuwa inateleza 🙂 Kaza vidole tu, mkuu.